Samaki wa Dimbwi la Nyuma ya Nyumba

Enzi zetu! Cheka tu. Ndiyo, bado navaa shati jeupe la shule, lakini mtu aliyekuwa mtoto Kisangani wakati wa vita ana haki ya kusema «enzi zetu» kama babu asiye na meno.

Wenzangu mnakumbuka: maji ya mto yakipungua, yaliacha madimbwi kati ya mawe, huku chini ya maporomoko. Letu lilikuwa nyuma ya nyumba kabisa. Tuliogelea humo uchi, tukiumwa vidole vya miguu na visamaki vyembamba kama njiti. Hakuna aliyevivua. Papa, baba yetu, alikuwa mvuvi, na vikapu vyake vikubwa kule kwenye mkondo vilikuwa na matundu mapana makusudi. Kidogo kipite, kikakue. Ninyi wadogo wa leo mnaogelea ndani ya simu, hata chura hamjamshika.

Bon. Vita vikaja. Wanajeshi wa nchi za watu walikuja kupigana kwetu, kana kwamba kwao hakuna nafasi. Papa hakuweza tena kupanda nguzo zinazoshikilia vikapu, risasi zilikuwa zinapita juu ya maji. Tulikula pondu, majani ya muhogo, bila chumvi, kesho pondu, kesho kutwa harufu ya pondu.

Ndipo Tonton Faustin, mdogo wake mama, akachomoa chandarua chetu kitandani.

«Muweke sufuria kwa moto! Leo tutakula sawa waziri!»

«Faustin, na batoto watalala ndani ya nini?» mama akauliza.

«Yaya, mbu haiko na bunduki,» Tonton akamjibu dada yake.

Tulicheka sana. Akakokota dimbwi zima, beseni likajaa visamaki, vinarukaruka kama mvua juu ya bati. Lo, utamu ule! Tulilamba mpaka sufuria. Majirani wakaona, nao wakaleta vyandarua vyao. Muda si mrefu dimbwi likawa halina hata kimoja.

Halafu maji yakaanza kucheza yenyewe. Niliinama: viluwiluwi vya mbu, vimejaa kama mchele. Jioni mbu walitoka humo kama moshi, nasi hatukuwa na chandarua, kilikuwa matambara yanayonuka samaki. Bijou, mdogo wangu, msemaji kuliko redio, akashikwa na homa. Akatetemeka mpaka kitanda kikagonga ukuta. Njia ya hospitali ilikuwa imefungwa na risasi. Jirani muuguzi alipita nyuma ya nyumba akiinama, akamchoma sindano ya kinini, dawa ya malaria. Tonton alikaa mlangoni, akikunja na kukunjua matambara ya chandarua. Hiyo peke yake ilinitisha kuliko mabomu.

Bijou alipona. Asubuhi mama akamwita, Bijou akiwa amempa mgongo. Hakugeuka. Akamwita tena, akapiga sufuria kwa mwiko.

«Bijou! Bijou, mama, unanisikia?»

Ni homa, ni kinini, hatukujua kamwe. Masikio yalikuwa yamekwenda.

Juzi mwalimu wa biolojia alichora mduara ubaoni: mbu wakizidi, samaki wanakula viluwiluwi vyao, wanashiba na kuzaana, samaki wakizidi, mbu wanapungua, nao samaki wanakosa chakula, wanapungua, mbu wanarudi. Kila mmoja amemshika mwenzake shati. Ukimtoa mmoja, akasema, mwingine anakimbia hovyo. Mimi, mchekeshaji wenu, nilisahau kunakili. Mduara ule nilikuwa nimeuogelea. Nilikuwa nimeula na pondu.

Dimbwi bado lipo. Juzi watoto wa jirani walikuja hapo na chandarua kipya cheupe, vita hakuna, njaa hakuna, mchezo tu. Kabla sijafungua mdomo Bijou alikuwa ameingia majini na sketi yake ya shule, amekikamata kwa mikono miwili, anavuta.

«Huyu kiziwi iko na wazimu!» wakapiga kelele.

Zamani angewajibu maneno mpaka wakimbie. Sasa hakuwasikia. Alivuta tu, mpaka wakakiachia, visamaki vikamwagika, vikarudi majini katikati ya miguu yake.