Siku Alipochukuliwa Mama Wambui

Juzi niliona kwenye televisheni wakimbizi wakipandishwa lori warudishwe kwao. Niliizima.

Utotoni tuliishi kwenye kambi ya mkonge karibu na Maramba, ambako harufu ya makapi yaliyooza haikutoka puani. Jirani yetu, Mama Wambui, alikuwa Mkikuyu aliyekimbia mauaji ya kwao Kenya. Serikali ya Waingereza ilipoanza kuwarudisha Wakikuyu wakati wa vita vya Mau Mau, baba aliandika barua ya kumwombea, wafanyakazi wakatia dole gumba, naye akaipeleka Tanga kwa Bwana DC, yule Mzungu mkuu wa wilaya.

Mchana ule mama alikwenda kisimani. Mama Wambui alikuwa jikoni kwetu, amejikunyata nyuma ya kuni. Lori likaja likinguruma, na askari mmoja akachuchumaa mbele yangu.

"Binti, Mama Wambui yuko wapi? Lori la kwao linaondoka."

Nilijua alivyokuwa akiwalilia wanawe aliowaacha huko, nikaogopa asije akaachwa. Nilimshika askari mkono, nikampeleka hadi jikoni.

Mama Wambui hakupiga kelele. Alinitazama tu.

"Wasalimie watoto!" nilimpungia.

Jioni baba alirudi mbio, na karatasi ya Bwana DC mkononi: asiondolewe mpaka shauri lake lisikilizwe.

"Yuko wapi?"

"Kashakwenda kwao," nilimjibu kwa furaha.

Baba alikaa kizingitini. Barua zake zote za kumuulizia hazikujibiwa. Mpaka anakufa alijiuliza ni nani aliyewaonyesha askari, na mimi, mtu mzima mwenye watoto, sikumwambia.