Mwalimu Aliyetuuliza Sisi

Juzi binti yangu alilalamika kwamba mwalimu wao huuliza tu, majibu hatoi. Niliona aibu, nikamkumbuka mwalimu wangu mmoja wa utotoni.

Shuleni kwetu, kule milimani Uluguru, mwalimu mgeni alitutoa nje mchana mmoja, tukamwaga maji penye matuta, kisha pasipo na matuta. Udongo ulinukia. "Mbona huku yanakimbia?" aliuliza. Tulipomrudishia swali alisema, "Angalieni tena."

Nyumbani nilimwambia baba, mjumbe wa kamati ya shule, kwamba mwalimu wetu hajui kitu. Baba alilifikisha jambo hilo kwa mwalimu mkuu, na kabla ya likizo mwalimu akahamishwa.

Siku aliyoondoka nilikutana naye njiani, amebeba begi lake.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Yale maji, umeshajua kwa nini yalikimbia?"

Nilimwonea huruma. Nilidhani bado anatafuta jibu.