Panya Walionyweshwa Majani ya Mbuzi

Mjukuu wangu anasomea dawa chuo kikuu, wa kwanza katika ukoo wetu. Mtu wa Heru Juu asiyejua habari hiyo, basi hajawahi kupita mlangoni kwangu. Alipokuja na mwalimu wake kuchukua dawa yangu ya miguu iliyovimba, nilichinja jogoo. Dawa hiyo watu huifuata kutoka hata Kitahana. Wanakunywa, wanakojoa, mguu unaingia tena kwenye kiatu.

"Kazi yangu ya mwisho chuoni ni dawa yako, Bibi," aliniambia. "Usiniangushe."

Sasa, mama yangu alinifundisha hivi: mgeni hapewi dawa yenyewe safari ya kwanza. Mpe majani yasiyodhuru, aende zake. Mwenye shida kweli atarudi, na hapo ndipo unampeleka porini. Mjukuu mwenyewe nilikuwa sijamwonyesha. Nikawajazia mfuko majani ya kichaka wanachokula mbuzi wangu. Mwalimu aliyapokea kwa mikono miwili, akayapiga picha, akaniuliza huwa nayachuma saa ngapi. Nikamwambia alfajiri, kabla sijasema na mtu. Akaandika.

Nikasubiri warudi. Kumbe wasomi hawarudi. Wana panya.

Miezi ikapita, mjukuu akapiga simu kunieleza. Panya anachomwa sindano mpaka unyayo uvimbe, ananyweshwa dawa, unyayo unapimwa, na kazi ikiisha anauawa. Wengine wanakaa kila mmoja na kizimba chake, mkojo wao unakingwa tone kwa tone. Mimi nilipoumwa kiuno nilikaa kwenye benchi la hospitali mpaka jioni, na mkojo wangu hakuna aliyeuulizia.

"Sasa, wamekojoa?"

"Kama waliokunywa maji tu, Bibi. Na uvimbe wa miguu haukushuka." Akaanza kulia. "Kufeli sitafeli. Lakini itabidi niandike kwamba dawa ya bibi yangu si kitu."

Nikakaa chini. Nikinyamaza, mimi tapeli wa kitabuni. Nikisema, mimi niliyemdanganya mjukuu wangu mwenyewe.

"Yale yalikuwa majani ya mbuzi," nikasema.

"Bibi! Hata mimi?"

"Ulikuja na mgeni."

"Panya wangu wamekufa kwa majani ya mbuzi!"

"Mbuzi wangu hawajafa."

Hakucheka. Alikuja peke yake, amenuna, hata shikamoo yake ilikuwa ya kunitupia. Nikampa jembe, nikampandisha mlimani, akachimba mizizi ya dawa yenyewe kwa mkono wake mpaka viganja vikatoka malengelenge. Sikumsaidia, na yeye hakuniomba. Wenzake walivaa majoho mwaka huo. Yeye alikuwa anakinga mikojo upya.

Safari ya pili alipopiga simu, alianza kwa kupiga kelele. "Wamekojoa, Bibi! Wamekojoa sana!"

Nikapiga vigelegele hadi jirani akachungulia. "Na miguu?"

"Imeshuka kidogo. Kidogo sana. Mwalimu anasema huenda uvimbe wa watu wako ni maji, si kama huu wa panya, ndiyo maana wakikojoa wanapona. Sasa hiyo ya miguu niiandikeje?"

Nilijua angeandika nitakavyomwambia. Nilichelewa kujibu, maana vocha ilikuwa yake.

"Andika kidogo sana," nikamwambia.