Rangi Nyeupe kwenye Nati

Majani mabichi ya chai yakishindiliwa ndani ya lori huanza kupata joto, na joto hilo lina harufu ya nyasi iliyonyeshewa. Kwetu Boito harufu hiyo ilichanganyika na ya dizeli, kwa sababu Baba alikuwa na lori kuukuu la kupeleka majani ya wakulima kiwandani. Dereva wake, Okoth, alikuwa ametoka kando ya ziwa kabla sijazaliwa, na mimi nilimwita Anko. Likizo moja ya Agosti, nati za gurudumu la nyuma, upande wa kushoto, zilianza kulegea. Okoth alizikaza, zikalegea tena. Kisha gurudumu likayumba vibaya kwenye mteremko wa mtoni, na wanawake waliopanda juu ya magunia wakaruka chini wakipiga mayowe.

Jirani yetu alimfuata Baba hadi zizini. "Nati haijifungui yenyewe," alisema. "Na huyo mtu wako si wa hapa. Unamjua kweli?" Jioni hiyo Baba alichukua ufunguo wa lori akauweka mfukoni mwake. Akaacha kunywa chai na Okoth. Mama alipomkumbusha kwamba Okoth ndiye aliyemkimbiza hospitali siku niliyozaliwa, Baba alisema tu, "Watu hubadilika." Hata mimi nikaanza kuitazama mikono ya Anko kila alipopita karibu na magurudumu.

Jumapili, tulipotoka kanisani, Baba alichovya brashi kwenye rangi nyeupe akachora mstari kutoka kila nati hadi kwenye chuma cha gurudumu. Mtu akizigusa, mstari utakatika. Jumatatu asubuhi mistari yote ilikuwa mizima. Baba akapanda na Okoth, nami nikakaa katikati yao, na hatukusimama popote hadi kiwandani. Baba alishuka wa kwanza. Mistari ilikuwa imeachana, karibu kwenye kila nati. Okoth alikuja nyuma yetu, akainama, akaigusa rangi kwa kidole.

"Mzee, hii rangi uliweka ya nini?"

Baba alichukua spana akazikaza nati mwenyewe, kisha tukaenda Litein.

Fundi wa Litein hakuhitaji muda mrefu. "Hizi boliti na nati ni za upande wa kulia," alisema. "Lori la zamani kama hili, kushoto hukazwa kinyume. Ukiweka za kulia, gurudumu likizunguka linazifungua. Nani alizileta?" Alikuwa Baba mwenyewe, kutoka kwenye lori bovu lililokuwa likivunjwa Merigi. Fundi alizigonga zikatoka zote, akaingiza zinazofaa, na hazikulegea tena.

Baba alimwomba Okoth msamaha mbele ya Mama. "Imeisha, Mzee," Okoth alisema. Lakini tangu siku hiyo, kila asubuhi kabla ya kuwasha injini, alisimama kando ya gurudumu akaita: "Mzee, kuja uangalie kwanza." Baba alitoka, akainama, akaangalia, akarudi ndani. Ikawa hivyo hadi Okoth aliporudi kwao.

Siku hizi malori ni yangu. Madereva hunitumia picha za magurudumu kwa simu kabla ya kuondoka, na hakuna anayeona vibaya. Kwao ni sehemu ya kazi. Juzi nilimpa Baba simu aone picha iliyotumwa na dereva aliyekuwa akingoja kuondoka. Aliisukuma bila kuitazama.

"Mpigie," alisema. "Mwambie aende."