Jiwe la Kwenye Chungu cha Chumvi

Mama mkwe wangu alikuwa na jiwe jeusi, ukubwa wa ngumi, amelifukia ndani ya chungu cha chumvi. Sisi wa Ivuna kitu tusichotaka kioze tunakitia chumvi. Naye jiwe lile hakutaka liharibike, maana ndilo shahidi pekee wa mumewe.

Kabla sijaolewa, mdogo wake baba mkwe alikutwa amekufa katika kibanda cha kuchemshia chumvi, kichwa kimepasuka, jiwe kando. Baba mkwe akasema limetoboa paa kutoka juu. Ukoo ukasema ni yeye aliyempiga nalo. Wakamfukuza na mke wake, akafia huku Chapwa, mpakani. Majina yao wote ninayo kichwani, siyaandiki, watoto wao wapo.

Mama mkwe alitaka jambo moja: akifa azikwe Ivuna, walikolala wanawe wawili. Ukoo ukakataa. Mke wa muuaji, walisema.

Miaka ile malori yalipoanza kujaa mpakani, akaja binti mmoja mtaalamu wa mawe. Tukampelekea chungu. Alipoona chumvi akashika kichwa.

“Jamani, bibi! Mmelitia chumvi?”

“Nimelitunza,” mama mkwe akasema. “Wewe ulitaka nilivalishe sweta?”

Binti akacheka, kisha akatueleza polepole. Chumvi huvuta unyevu, na unyevu umekula ganda la nje, madini yake yamegeuka kuwa mengine. Ila ndani mna vipunje vyeupe. Kama jiwe ni la juu, vipunje hivyo viliganda kabla dunia haijakuwepo. Oksijeni iliyofungwa humo, alisema, ina aina nyepesi na nzito, na mchanganyiko wake si ule wa mawe ya hapa duniani. Maji yakifika huyabadilisha hayo yote. Yasipofika, jiwe bado linasema lilikotoka.

“Maji yangu yamefika?” mama mkwe akauliza.

“Sijui, bibi. Mpaka lipimwe.”

Akaondoka na kipande. Tulikaa sana bila habari, mama mkwe akawa hawezi tena kuinuka bila kushikwa. Siku binti aliporudi hakukaa hata kwenye kigoda. Vipunje vya pembeni vimeharibika, alisema, vya katikati ni vizima. Jiwe ni la juu. Hakuna mtu aliyelirusha.

Mama mkwe alilia kwa sauti, ndiyo mara ya kwanza namsikia. Tukampakia kwenye gari, tukaenda naye Ivuna, binti akaeleza yote mbele ya ukoo kama alivyotueleza sisi. Wakasikiliza kwa adabu. Halafu mtoto wa yule aliyefia kibandani, naye mzee sasa, akasimama.

“Asante, mwanangu. Sisi tulidhani alimpiga kwa mkono. Kumbe alilitoa mbinguni! Mtu wa namna hiyo, mjane wake tumlaze hapa na watoto wetu?”

“Mzee, halitumwi na mtu, linaanguka tu,” binti akasema.

“Lianguke tu, nchi yote hii, limchague baba yangu?”

Mama mkwe akanivuta kanga. “Twende, mwanangu. Wamesikia.”

Hakumaliza masika. Tulimzika makaburi ya Chapwa, upande mmoja dereva wa lori ambaye ndugu zake hawakupatikana, upande wa pili kichanga cha watu tusiowajua.