Masikio Niliyoyaacha Mwakitolyo

Kwa muda wa miaka kama minne nilikuwa nikimwambia kila mtu kwamba televisheni yetu imejaa watu wanaomung'unya maneno. Mtangazaji anafungua mdomo, meno yanaonekana, kichwa kinatikisika, lakini maneno hayafiki. Nilimwambia mke wangu kuwa siku hizi wanachaguliwa kwa sura, hakuna anayewapima sauti. Yeye alijibu, "Labda," akatoka nje kuanika nguo, nami nikaongeza sauti ya televisheni.

Mimi ni mpiga gitaa. Nilianza kwenye bendi ya dansi Shinyanga mjini, bendi ikafa, kila mtu akashika njia yake. Sasa nakaa Kahama, kata ya Nyasubi, na chumba cha nyuma cha nyumba yangu ndicho studio. Kutani nimepigilia trei za mayai nilizopewa na muuza chipsi wa jirani, juu yake mablanketi, na dirisha nimeliziba kwa godoro. Trei zilikuja na mende wake, na mende hao wameshazaa na kujukuu. Mvua ikinyesha juu ya bati hakuna kazi. Lakini chumba ni changu, na nilikipata kwa jasho la Mwakitolyo.

Huko Mwakitolyo nilifanya kazi kwenye karasha, yaani mashine inayosaga mawe ya wachimbaji kwa vyuma mpaka yawe unga, ili dhahabu ioshwe. Nilikwenda nikitaka kununua kompyuta na maiki nzuri, nirudi. Nilidhani nitabeba viroba vya mawe kama wengine. Siku ya tatu nilimwambia mwenye karasha, "Hilo jiwe limeiva, zima." Alicheka. Akafungua, akachota, akasugua kati ya vidole, akanitazama upya. Jiwe bichi hugonga, jiwe lililoiva huvuma, na kati ya kugonga na kuvuma kuna dakika chache ambazo mwenye sikio anazijua. Ukizima mapema, dhahabu inabaki ndani ya chenga. Ukichelewa unachoma dizeli ya bure. Kuanzia siku hiyo sikubeba kiroba tena. Nilikuwa nasimama pembeni ya mashine, kichwa nimekiinamisha, nasikiliza.

Mama yangu alikuja mara moja kunitembelea. Alikuwa Msukuma wa kijijini, maisha yake yote ameyamaliza kwenye pamba na mahindi, na alisimama pale akiwa ameziba masikio kwa viganja viwili. Aliporudi kwake alinitumia pamba mbichi kwenye mfuko, akaagiza niiweke masikioni. Wenzangu walijigawia, wakaziba. Mimi niliijaribu asubuhi moja nikaitoa, kwa sababu nikiziba silisikii jiwe, na nisipolisikia jiwe kazi ninayo kwa lipi? Nilikaa miaka mitatu. Nilinunua kompyuta, maiki, spika mbili na gitaa jipya, nikarudi mjini najiona mshindi.

Hapo ndipo nilipoanza kuwa mtu wa maoni. Muziki wa siku hizi, nilisema, umetengenezwa kwa ajili ya macho. Niliwahi kualikwa kwenye kipindi cha televisheni, nikapanda basi na gitaa langu, na kufika huko nikaambiwa hakuna pa kulichomeka. Watapiga rekodi, mimi nisimame nitikise vidole na nitabasamu. Nilimuuliza mwongozaji, "Na kama kidole kikikosea?" Akasema, "Mzee wangu, nani atajua?" Nilitikisa vidole. Nilitabasamu pia, na aibu ile sijaimaliza mpaka leo. Nenda kwenye mgahawa wowote hapa Kahama saa ya chakula: televisheni ukutani inaonyesha watu wakicheza wimbo mmoja, spika iliyo juu ya friji inapiga mwingine, na watu wanakula ugali wao wala hakuna anayeshtuka. Nilikuwa nawaonyesha kwa kijiko. Nilikuwa nasema hawa watu hawana masikio.

Wakati huohuo wateja wa studio walipungua. Kwaya ya kanisa ilirekodi nyimbo mbili haikurudi. Madrasa ilileta kaswida, ikachukua, ikaenda kurudia kwa mtu mwingine. Niliposikia hilo nilimwambia mke wangu kwamba televisheni imewazoesha watu uchafu, kazi safi wakipewa hawaitambui. Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso.

Msimu wa mvua uliokuwa wa mwisho kwa mama, tulimchukua akae kwetu, maana miguu ilikuwa imemkataa. Alikuwa na wimbo mmoja ambao wanawake wa kijijini kwao waliuimba wakati wa palizi. Ni wa mwanamke anayeyasihi mawingu yamsubiri amalize tuta lake, na kila ubeti anaahidi kuwa hili ni la mwisho. Wengi waliouimba naye walikuwa wameshatangulia. Nilijua kwamba mama akienda bila wimbo ule kubaki mahali, sitajisamehe. Sikuwa na jambo lingine la maana katika kile chumba. Niliona ndiyo sababu ya Mwakitolyo yote.

Nyasubi haina ukimya. Upande huu kuna fundi wa kuchomelea mageti, upande ule duka la simu lenye spika mlangoni. Kunatulia mara moja tu kwa wiki, Ijumaa mchana, fundi na mwenye duka wakiwa msikitini. Hiyo ndiyo saa niliyoichagua, mimi Mwislamu mwenzao.

"Bebe," mama aliniita Kisukuma, yaani wewe, "wenzako wako wapi saa hizi?"

"Msikitini, mayu," nikamjibu, yaani mama.

"Na wewe je?"

"Nitaswali hapahapa nyumbani. Imba kwanza."

"Haya. Ukiulizwa huko mbele, usinitaje."

Aliimba akipiga kofi kwenye paja. Ijumaa ya kwanza alikatizwa na kikohozi. Ya pili alisahau ubeti akacheka mpaka machozi. Ya tatu mvua ilishuka. Ya nne aliimba kuanzia mwanzo mpaka mwisho, sauti nyembamba lakini haikutetemeka, kisha akaigusa maiki kwa kidole akauliza, "Umeshanikamata humu?" Nikamwambia ndiyo, mama, umo. Alifariki kabla mahindi ya kijijini kwake hayajakauka.

Nilianza kuusafisha wimbo siku za matanga. Watu walinitaka nje kwenye mkeka, mimi nikawa najifungia na mablanketi yangu. Nilipousikiliza, mama alisikika yuko mbali, kama anaimba akiwa amejifunika shuka usoni. Nililaumu maiki. Nikaanza kupandisha zile sauti za juu, pale zilipo ncha za maneno. Nikapandisha tena. Kila siku nilimfunua kidogo, na kila siku nilimwona amekaribia, mpaka asubuhi moja nilisikia ulimi wake ukigusa meno, nikalia juu ya meza. Nilikuwa nimempata mama yangu. Kompyuta ilikuwa imejaa, ikikataa hata kuhifadhi kazi, basi nikafuta zile rekodi mbichi za Ijumaa zote nne na kubaki na huo mmoja uliokamilika. Ndivyo nilivyokuwa nikifanya kwa kazi zote. Ukishaivisha chakula, ukitunze kibichi cha nini?

Siku ya arobaini, baada ya dua na pilau, wageni walipoondoka tulibaki wanne: mimi, mke wangu, mama mdogo aliyetoka kijijini, na mdogo wangu wa kike ambaye anauza vitenge Kalangalala, Geita. Nikazitoa spika sebuleni. Nikawaambia nina zawadi yao.

Mama alianza kuimba. Mama mdogo akavuta kanga kichwani, akaibana masikioni kwa mikono miwili. Mdogo wangu akainama mpaka paji la uso likagusa magoti. Mke wangu akatazama ukutani. Nilijua huzuni ndivyo inavyowashika watu, nami nilikuwa nalia, kwa hiyo nikanyoosha mkono nikaongeza sauti.

Mdogo wangu aliruka akachomoa waya.

"Kaka, nini hiki? Inatoboa kichwa!"

"Ni mama."

"Najua ni mama. Umemfanya nini?"

Nilikasirika kuliko nilivyowahi kukasirika ndani ya nyumba yangu. Nilisema maneno. Nilisema masikio yao yameozeshwa na televisheni, kwamba wamezoea takataka. Mama mdogo alikuwa bado hajatoa mikono masikioni. Ndipo mke wangu akasema, kwa upole, akitamka taratibu kama anavyosema na mimi siku zote, "Baba watoto, ni kweli. Na zile za kwaya zilikuwa hivyo. Na kaswida. Tangu urudi zote ziko hivyo, kama mtu anakwaruza bati kwa msumari."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani ndio muziki wako."

Nyani haoni kundule. Miaka minne nilikuwa nawanyooshea watu kijiko mgahawani.

"Basi tuwekee ile ya kwanza, uliyomrekodi," mdogo wangu akasema. "Ile ambayo hujaigusa." Niliokota ule waya, nikaanza kuukunja. Alinisoma uso akaelewa, na hapo ndipo alipolia kweli.

Nilikwenda hospitali kupimwa. Waliniingiza kwenye chumba kidogo chenye kuta nene, chumba kizuri cha kurekodia kuliko changu, wakanivisha hedifoni, wakanipa kitufe. Nikisikia mlio, nibonyeze. Mwanzo nilibonyeza vizuri. Kisha pakawa kimya, nikakaa na kidole juu ya kitufe nikisubiri waendelee, nikidhani mashine yao imegoma. Nilisubiri sana. Muuguzi akafungua mlango akaniambia tumemaliza, baba. Aliniuliza nafanya kazi gani nikasema mwanamuziki, akaandika.

Nilichoambiwa ni kwamba sauti za juu zimekufa na hazitarudi, na kwamba zile za kati zinazifuata. Hakuna dawa. Kuna vifaa vya kuvaa, vitanisaidia kumwelewa mtu anayesema nami, lakini masikio ya kazi yangu yamekwisha. Nilimpelekea wimbo wa mama mtu mwingine mwenye studio, anayejua zaidi yangu, nikamwomba ashushe nilichopandisha. Alijaribu siku mbili. Akanirudishia akisema nilipandisha mpaka sauti yenyewe ikapasuka, na iliyopasuka haishonwi. Aliniomba radhi kama vile kosa ni lake. Nilitoka pale sina hata hasira. Maji yakimwagika hayazoleki, na niliyeyamwaga ni mimi, kwa mkono wangu, huku nimejiamini.

Sipigi tena gitaa mbele za watu. Siwezi kujua kama nyuzi zimekaa sawa. Televisheni siku hizi naiangalia bila sauti, na sina maoni.

Wiki chache zilizopita mdogo wangu alinipigia kutoka Kalangalala. Nilikuwa nimemtumia wimbo ule kwenye simu siku za mwanzo, kabla ya arobaini, na yeye kwa shughuli zake alikuwa hajaufungua. Sasa watoto wake wameupata kwenye simu yake. Ilibidi arudie mara tatu ndipo nikaelewa. Watoto wanamwigiza bibi yao. Wanakwaruza sahani kwa uma, wanasema, "Bibi anaimba," na wanaangua kicheko. Yule mdogo kabisa, ambaye hakuwahi kumwona mama akiwa mzima, anaziba masikio kila akitajwa bibi.

"Mimi nimeshaufuta kwangu," alisema. "Kaka, nakuomba na wewe ufute. Wimbo nitawaimbia mwenyewe, hata kama beti nyingine sizikumbuki. Wasije wakakua wakidhani mama alikuwa hivyo."

Nilimwambia ana haki. Nilimwambia nitamwelekeza ubeti wa tatu, akasema sawa, akasubiri niuimbe, nami sikuthubutu. Nilimwambia nitaufuta leoleo. Jioni akapiga tena kuhakikisha.

"Umefuta?"

"Nimefuta."

"Mungu akulipe, kaka."

Mke wangu alikuwa ameenda sokoni. Nilifunga mlango wa chumba cha nyuma, nikavaa hedifoni, nikamsikiliza mama yangu kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na sikusikia ubaya wowote.