Kondoo Wadogo wa Shangazi

Shangazi yangu, Mungu amrehemu, mikono yake ilinukia mafuta ya sufu hata akinawa. Kila asubuhi alifumba macho akapapasa masikio ya kondoo wake mmoja mmoja, ahakikishe ni mafupi kama ya wale alioachiwa na bibi yake. Bwana mifugo alimcheka: "Mama, hawa wamedumaa. Nikuletee dume kubwa, uchanganye damu."

"Mwanangu, mwaka ule wa ukame, kondoo wakubwa waliisha wote. Hawa walitupa maziwa. Na blanketi ulilokalia ni sufu yao."

Bwana mifugo akainuka, akalikunja vizuri. Jana, baada ya maziko, aliniomba dume mmoja wa damu ileile. Nikafumba macho, nikapapasa masikio, nikamchagulia.